Troli linajaa kila mwisho wa mwezi, nesi anasema hatuli vizuri

Shikamoo Shangazi,

Pole na majukumu. Mimi ni msomaji wako wa Tabata, Dar es Salaam, mama wa watoto watatu. Mkubwa ana miaka 11, wa kati 7, mdogo 3. Nyumbani tuko sita, maana mama mkwe amekuja kutoka Singida kwa ajili ya matibabu. Ana presha na sukari.

Shida yangu ni manunuzi. Mume wangu ni dereva wa kampuni, analipwa mwisho wa mwezi. Mshahara ukiingia tu anatubeba wote kwenda supamaketi, na kwake hiyo ndiyo sikukuu. Watoto wanatupia vitu kwenye troli, yeye anacheka. Mimi nikisema "hiki turudishe", naonekana mchawi. Mwezi uliopita tulitoka na hivi, nakunakilia kutoka kwenye risiti: sembe kilo 25, mchele kilo 25, sukari kilo 5, mafuta ndoo ya lita 10, chumvi pakiti 3 za nusu kilo, tambi zile za kuchemsha haraka katoni 1, soseji pakiti 4, juisi za boksi za lita moja 6, majarini kopo kubwa, biskuti katoni 1, na soda kreti 1 tuliyopitia duka la jumla.

Baada ya hapo ananiachia Sh10,000 kwa siku ya mboga, nazi, gesi na vidogo vidogo. Ikifika tarehe 20, soseji, juisi na biskuti vimeshaisha zamani, na hapo ni wali kwa mchuzi wa nyanya au ugali kwa mchicha hadi mshahara mwingine.

Mwezi huu nimekwenda kliniki mara mbili. Mama mkwe kaambiwa apunguze chumvi, sukari na mafuta. Mdogo kapimwa, uzito haujapanda. Mkubwa naye meno mawili yametoboka. Nesi akaniuliza, "Mama, kwani nyumbani mnakula nini?" Nikashindwa kujibu, kwa sababu chakula kipo, tena kingi.

Kwenye kundi letu la WhatsApp akina mama wameniambia ninunue mafuta ya zeituni, oats, mbegu za chia, lozi, sukari ya brauni na chumvi ya pinki. Nilipita kuuliza bei, nikatoka kimya kimya.

Nikamwambia mume wangu basi tununue dona, maharage na dagaa. Alikasirika sana. Alisema, "Mimi nimekula dona na dagaa mpaka namaliza shule. Sikuja kuhangaika mjini ili wanangu wale hivyo hivyo." Tangu siku hiyo sijagusia tena.

Nifanyeje, Shangazi? Na lingine dogo: mama mkwe anataka tununue mayai ya kienyeji tu, anasema ya kisasa hayana kitu. Ni kweli?

Mama Watatu, Tabata

*

Marahaba mwanangu,

Umefanya jambo la maana kunakili risiti. Wengi huniandikia "tunakula vizuri tu, Shangazi", nami nabaki kupapasa gizani. Wewe umenipa ushahidi, basi tukae nao kwanza.

Chukua kalamu. Kilo 5 za sukari ni gramu 5,000. Zigawe kwa siku 30, kisha kwa watu 6. Kila mmoja wenu, hata huyo wa miaka mitatu, anapata kama gramu 28 kwa siku, yaani vijiko 7 vya chai. Bado hujahesabu vinywaji. Soda ya kawaida ina gramu 10 hivi za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ina gramu 35 au zaidi. Kreti ya chupa 24 inabeba gramu 840, hiyo ni karibu kilo nyingine nzima. Juisi za boksi nazo hazipishani sana na soda, lita sita ni zaidi ya nusu kilo. Ukijumlisha vyote umefika gramu 36 kwa kila mtu kwa siku, na biskuti sijazigusa. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asivuke gramu 50, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Mtoto mdogo anatakiwa apate pungufu ya hapo. Meno ya mkubwa wako hayakutoboka kwa bahati mbaya.

Chumvi nayo tuitazame. Pakiti tatu za nusu kilo, ukigawa vilevile, ni gramu 8 na kitu kwa kila kichwa. Kikomo cha mtu mzima ni 5, kijiko kimoja cha chai. Najua nyingine humwagika na maji ya kuchemshia, lakini kuna ile ambayo risiti haikuonyeshi: ya kwenye soseji, ya kwenye majarini, na hasa ya kwenye kile kipakiti cha unga kinachokuja na tambi. Tambi pakiti moja, ukitia unga wake wote, inaweza kumalizia mtu nusu ya chumvi ya siku au zaidi. Kama mama mkwe anapewa hizo usiku kwa sababu "ni laini", ziache leo. Usisubiri mwisho wa mwezi.

Sasa soma tena risiti yako uniambie maharage yako wapi. Kunde? Choroko? Karanga? Samaki? Tunda hata moja? Hakuna. Nafaka kilo 50, mafuta, sukari, chumvi na vya pakiti. Nesi alikuuliza mnakula nini ukakosa jibu kwa sababu nyumba imejaa vya kushibisha, vya kujenga mwili haviko. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kushiba sembe kila siku na uzito usisogee. Tumbo lake ni dogo, linajaa kabla hajapata anachokihitaji.

Kwa hiyo sikushauri utafute hela zaidi. Hela ipo, imekaa kwenye rafu isiyo yake.

Kabla sijakwambia ununue nini, tumalizane na hilo kundi la WhatsApp. Mwanangu, unaishi na mama wa Singida, mkoa wa alizeti, halafu unakwenda kuulizia bei ya mafuta ya zeituni? Mafuta ya zeituni ni mazuri, sibishi, ila ya alizeti yanakutosha kabisa. Sukari ya brauni ni sukari. Asali nayo, kwa mgonjwa wa kisukari, ihesabu kama sukari. Chumvi ya pinki ni chumvi, tena nyingi ya hiyo haina madini joto, ambayo watoto wako wanayapata kwenye pakiti ya kawaida ya dukani. Oats ni nafaka kama nafaka nyingine. Muulize mama mkwe kuhusu uwele na ulezi, atakupa somo la bure. Badala ya chia kuna ufuta na mbegu za maboga, na badala ya lozi kuna karanga. Hao akina mama hawana nia mbaya, ila wanakutumia orodha ya manunuzi ya mtu anayeishi nchi nyingine.

Tuje kwa baba watoto, maana hapo ndipo penye kazi.

Maneno yake yale usiyapuuze. Mwanaume aliyekula dagaa kwa sababu hapakuwa na kingine haoni kitoweo kwenye dagaa, anaona njaa. Ile troli inayojaa soseji ndiyo cheti chake kwamba ametoka kule. Ukimwambia "turudi kwenye dona na dagaa", anachosikia ni "umeshindwa". Kwa hiyo usilisemee hivyo, wala usimwonyeshe hesabu niliyokufanyia hapo juu kana kwamba ni hati ya mashtaka.

Kliniki ijayo ya mama mkwe, mwombe ampeleke yeye. Omba ruhusa iwe ya asubuhi moja tu. Aingie ndani, asikie nesi akisema chumvi na sukari, kuhusu mama yake mzazi. Neno likitoka kwa mke linaitwa ubahili, likitoka kwa nesi linaitwa ushauri. Na akiwa hapo apimwe presha na yeye, kwa maana dereva anakaa kwenye kiti siku nzima na chakula chake cha mchana ni chipsi za njiani.

Na ile sikukuu ya supamaketi usiifute. Watoto wanaipenda, baba anaipenda, ibaki. Badilisha utaratibu wake tu. Nendeni mkiwa mmeshakula, maana mtoto mwenye njaa mbele ya rafu ya biskuti hana masikio. Kila mtoto achague kitu kimoja anachokitaka, kimoja tu, na akishachagua asisemwe. Na kabla ya kwenda huko, hela ya vyakula vikavu iwe imeshatoka, mmeshanunua kwingine. Troli hujazwa na hela iliyobaki mfukoni, nani asiyejua.

Huko kwingine ni sokoni. Kwa nafaka na jamii ya kunde, Tandale ndiko wanakokimbilia wenye maduka, na kama mna usafiri wa kampuni unaoruhusiwa au jirani mwenye pikapu, mkienda mara moja kwa mwezi mnajaza ndani. Kwa mboga na matunda, Buguruni iko jirani yenu. Na kwa samaki, mpe baba watoto kazi hiyo. Jumamosi asubuhi aende Feri, aingie mnadani, abishane bei, arudi na vibua au changu kwenye mfuko. Atakuwa ameleta samaki wa baharini wabichi nyumbani kwake, hilo halifanani kabisa na utoto wake wa dagaa wakavu. Mwambie aangalie macho yawe angavu na yamejaa, mashavu mekundu ndani, na nyama ukiibonyeza kwa kidole irudi. Akipewa samaki mwenye jicho lililozama na lenye ukungu, asogee meza nyingine.

Dagaa wenyewe uwarudishe polepole, na uanze na wa Kigoma. Ni ghali kidogo na hakuna anayewaita chakula cha shida. Wakaange wakauke, ukamue limao, weka kachumbari pembeni. Wa Mwanza watafuata baadaye. Unapochagua, wamwage kiganjani: wawe na rangi ya fedha inayong'aa na miili mizima, siyo vumbi na vichwa vitupu. Wakiwa na rangi ya kahawia ya kutu na harufu ya mafuta yaliyokaa sana, wamechacha. Walioanikwa chini hubeba mchanga, waoshe kwa maji ya uvuguvugu zaidi ya mara moja. Faida yao kubwa ni kwamba wanaliwa na mifupa, kwa hiyo mtoto anapata kalisi, chuma na protini kwa mpigo. Kwa mdogo wako, wasafishe, wakaange bila mafuta, wasage wawe unga, uwe unaweka kijiko kwenye mboga yake. Hatajua, na baba yake hataona.

Maharage, nadhani nakujua unaogopa nini: gesi. Wanawake wengi wa mjini hawakuacha maharage kwa kutoyapenda, waliacha kwa sababu mtungi unaisha. Yaloweke usiku kucha, umwage yale maji, uyachemshe kilo nzima kwa mara moja, kisha uyagawe kwenye mifuko uyaweke kwenye friza, kama unayo au jirani anayo. Hapo kazi ya kila siku inabaki kuunga tu. Siku ambazo hukuloweka, pika choroko, zinaiva mapema zaidi. Kwa familia yenu, kilo moja kavu inatoa kama milo mitatu. Ukiwa na kilo 8 za mchanganyiko ndani, tarehe 20 hadi 30 haitakuwa tena ya mchuzi wa nyanya. Na kila mlo wa maharage uwe na kitu kichachu au tunda: kachumbari yenye limao, chungwa, papai. Vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye maharage na mboga za majani. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo isogezwe mbali na mlo, inyweke baadaye.

Kuhusu dona, usiwe na haraka. Changanya nusu kwa nusu na sembe, watoto hawatagundua kama watakavyogundua ukiwabadilishia ghafla. Sembe imekobolewa, ganda na kiini vimekwenda kwa kuku. Dona vimo vyote, na ndiyo maana haikai: kiini cha mahindi kina mafuta, yakikaa muda mrefu unga unachachuka na kuwa mchungu. Usinunue dona ya kilo 25. Nunua mahindi, usage kidogo kidogo mashineni.

Na hapo kwenye mahindi nataka usimame kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo halionekani kwenye pakiti iliyosagwa. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevunyevu, na kuchemsha hakuiondoi. Kabla hujapeleka mashineni, mwaga mahindi kwenye sinia mahali penye mwanga. Toa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye madoa ya kijani, kijivu au nyeusi, na zenye matundu ya wadudu. Karanga ukiuma ikawa chungu, tema. Usile ukisema isipotee. Ndiyo sababu mimi siupendi ule unga wa uji wa lishe uliochanganywa nafaka saba usiojua zilitoka wapi. Kwa mdogo wako tengeneza mwenyewe, ulezi au mahindi uliyochagua kwa mkono, na karanga ulizokaanga na kusaga wewe. Aina mbili zinatosha. Ukimtilia na maziwa, au ukampondea parachichi akala pembeni, hapo ndipo uzito utaanza kusogea. Yeye usimpunguzie mafuta kwa sababu bibi yake kapunguziwa. Mtoto wa umri huo anayahitaji. Na kliniki umrudishe tarehe waliyokupa, maana uzito usiopanda una sababu nyingine pia, minyoo mojawapo.

Mboga za majani naona unanunua, hongera. Ila ni mchicha, mchicha, mchicha. Badilisha: matembele, kisamvu, majani ya maboga, majani ya kunde. Sababu ya kwanza ni lishe. Ya pili inawahusu nyie wa mjini. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti kuhusu mboga zinazolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi hapo Dar es Salaam, zikakutwa na madini mazito kama risasi na kadimi. Kuosha huondoa udongo na vijidudu vya juu, hakuondoi kilichonyonywa na mzizi. Sikwambii uache mboga, hilo lingekuwa kosa kubwa zaidi. Nakwambia muulize muuza genge imetoka wapi, usinunue kwa mtu mmoja mwaka mzima, na usikae kwenye aina moja. Mama mkwe mwombe akupikie mlenda, atafurahi kuulizwa.

Matunda fuata msimu na usione aibu. Tufaha moja lililopanda meli kutoka Afrika Kusini kwa bei ya fungu la machungwa ya Muheza, unalinunua kwa ajili ya nani? Embe zikijaa mwezi wa 12, kuleni embe. Papai na ndizi zipo karibu mwaka mzima. Mpe mtoto tunda lenyewe, siyo juisi yake, hata hiyo ya kusaga nyumbani, kwa sababu mtu hawezi kukaa akala machungwa matano lakini glasi ya machungwa matano anaimaliza kwa pumzi moja. Kwa mama mkwe ndiyo kabisa.

Vya kupeleka shuleni badala ya biskuti na boksi la juisi: kiazi kitamu cha kuchemsha, yai, ndizi, karanga za kukaanga, chupa ya maji. Wa miaka 11 atalalamika kwamba wenzake wanabeba vya dukani. Ijumaa mpe cha dukani, yaishe.

Mkishafika supamaketi, kuna kitu kimoja cha kujua kuhusu pakiti, nacho kinatosha. Orodha ya viungo, yale maandishi madogo ya nyuma, hupangwa kwa uzito: kilicho kingi kinatajwa kwanza. Ukikuta sukari ni ya pili baada ya maji, hiyo "juisi" ni maji ya sukari yenye picha ya embe. Mkate wa kahawia ambao kiungo chake cha kwanza siyo unga wa ngano isiyokobolewa huenda ni mkate mweupe uliopakwa rangi. Yapo makopo yamekaa rafu moja na maziwa ya unga, yanafanana nayo kwa kila kitu, lakini ndani ni mafuta ya mimea na sukari. Mtindi chukua usio na ladha, ukate ndizi ndani. Kwa unga na mafuta tafuta yaliyoongezwa virutubishi, na mafuta yenye vitamini A yasikae dirishani, mwanga huiharibu. Hiyo ndiyo sababu siyapendi sana mafuta ya kupimiwa yanayoning'inia juani kwenye chupa za maji.

Soseji sizipigi marufuku. Lakini ujue mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, kwenye kundi la vitu vyenye ushahidi wa kutosha kwamba vinasababisha saratani. Maana yake siyo kwamba pakiti moja inaua. Maana yake ni kwamba pakiti nne kila mwezi, kwa watoto, siyo zawadi nzuri kiasi anachodhani baba yao. Hela ya pakiti tatu igeuke mayai.

Kwa hiyo mwezi ujao, ukinisikiliza, risiti iwe na sukari kilo 2 na nusu, chumvi pakiti 2, mafuta ya alizeti lita 6 na kijiko cha kupimia kikae juu ya kidumu, kwa sababu mkono unaomimina haujui kuhesabu. Kreti ya soda isiingie ndani. Siku ya wageni au Jumapili mtoto atumwe dukani akalete chupa za siku hiyo, maana kreti iliyo chini ya meza inanyweka yenyewe. Juisi za boksi na tambi, hapana. Tambi zikikumbukwa sana, pika tambi za kawaida kwa mchuzi wako. Mchele punguza hadi kilo 20. Kilichookolewa hapo ndicho kinanunua maharage, choroko, karanga, dagaa na mahindi, na Sh10,000 yako ya kila siku inapata nafasi ya tunda, kwa sababu kitoweo cha siku tatu nne za wiki kimeshalipiwa.

Asubuhi pia ibadilike kidogo: viazi vitamu, magimbi au mihogo ya kuchemsha badala ya mkate na majarini kila siku, na chai ishuke kijiko kimoja cha sukari kila baada ya wiki mbili. Ikishuka ghafla watasusa.

Kwa mama mkwe, usimpikie sufuria yake peke yake kama mtu aliyetengwa. Sufuria iwe moja yenye chumvi kidogo, anayetaka zaidi aongeze mezani, na baada ya mwezi hataongeza. Vile vidonge vya kuungia mchuzi ni chumvi tupu, weka kitunguu saumu, tangawizi na limao. Lakini sikiliza hili kwa makini. Ugali wa dona bado ni ugali. Kuna watu wa sukari wanaambiwa "wewe ni dona tu" basi wanakula mlima. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali, robo maharage au samaki. Na kama anatumia vidonge vya kushusha sukari au sindano, mwambieni nesi kwamba mnapunguza chakula cha wanga, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi na kuchanganyikiwa, hapo hakuna habari ya lishe bora: mpeni kinywaji chenye sukari mara moja kama anaweza kumeza, kisha mkimbilie hospitali. Dawa zake asiache wala asipunguze mwenyewe, hata kama mboga imempendeza namna gani.

Na mayai. Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba Shangazi kasema anunue ya kisasa. Rangi ya kiini inatokana na alichokula kuku, na kwa lishe hayo mawili yanakaribiana sana. Trei ya kisasa ina mayai 30 na kwa hela hiyohiyo ya kienyeji unapata machache zaidi. Watoto watatu wanaokua wanahitaji mayai mengi. Kama anasisitiza, mnunulieni yake ya kienyeji mawili ya Jumapili, nyie wengine mle trei.